Ambulensi Ikivuka Mpaka wa Wilaya, Mafuta Analipa Nani?

Barabara ya Kampala–Masaka huingia kwenye kinamasi cha Lwera ikiwa wilaya ya Mpigi na kutokea upande wa pili ikiwa Kalungu. Katikati hapo mpaka hauonekani. Kuna mafunjo, maji, na wauza samaki wanaoinua sato juu ili madereva wawaone. Gari likipinduka pale saa nane za usiku, majeruhi anaweza kurudishwa Nkozi, upande wa Mpigi, au kusogezwa Lukaya, upande wa Kalungu. Aliyevunjika nyonga au kuumia kichwa mara nyingi ataishia hospitali ya rufaa ya Masaka, ambayo imo ndani ya jiji la Masaka. Safari moja imegusa mamlaka tatu, na kila moja ina bajeti yake, mweka hazina wake na mkaguzi wake wa kumjibu.

Asubuhi wasikilizaji watapiga simu redioni kuuliza ambulensi ilikuwa wapi. Ni swali la haki. Lakini jibu lake hutegemea swali jingine ambalo halifiki hewani: mafuta ya safari ile yangeandikwa kwenye vitabu vya nani?

Tuanze na maneno, kwa sababu nusu ya mkanganyiko imo humo. Msomaji wa Kenya akisikia "kaunti" hufikiria serikali kamili yenye gavana na hazina; ziko 47. Hapa Uganda kaunti ni kipande cha wilaya, mara nyingi ndicho jimbo la mbunge, na haina mfuko wa kuendeshea huduma kubwa. Kwa hiyo majirani wanaopaswa kushirikiana hapa ni wilaya, ambazo zimepita 130, pamoja na majiji. "Kanda" nayo si serikali. Katika afya, kanda ni eneo linalohudumiwa na hospitali moja ya rufaa: Mbale, Gulu, Arua, Mbarara, Fort Portal, Masaka na nyinginezo. Haina baraza, haitozi kodi, wala haina mwenyekiti wa kupigiwa kelele.

"Huduma za dharura za matibabu" ni zaidi ya gari. Ni mnyororo unaoanza na mtu wa kwanza kufika penye tukio, ukapita kwa anayepokea simu, kwa gari na wahudumu wake, hadi chumba cha dharura ambako daktari ameshaambiwa nani anakuja. "Uratibu" ni kazi ya kuamua, kwa dakika chache, gari lipi liende wapi, hospitali ipi ina damu na daktari wa upasuaji, na nani azibe pengo lililoachwa na gari lililoondoka.

Tena uratibu huu usichanganywe na kituo cha taifa cha operesheni za dharura za afya ya umma, kilichoanzishwa 2013. Hicho hufuatilia milipuko: Ebola, kipindupindu, kimeta. Mama aliyekwama na uchungu wa kuzaa Bukomansimbi hahusiani nacho. Majina yanafanana, na hata madiwani huyachanganya wakati wa kupitisha bajeti. Wanaamini wameshachangia jambo ambalo hawajaligusa.

Somo la engozi

Watu wa Kigezi na Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza mfuko wa pamoja. Kwa miaka mingi mgonjwa wa milimani alibebwa kwenye engozi, machela ya kusukwa inayobebwa mabegani, hadi barabarani au hospitalini. Kubeba hakukuwa hisani. Kila kaya ilikuwa mwanachama wa chama cha engozi, ilitoa mchango na ilitoa mabega, na aliyekwepa zamu alijua kitakachompata siku mgonjwa akiwa wake. Hospitali ya Kisizi, wilayani Rukungiri, ilipoanzisha bima yake ya afya mwaka 1996 ilijenga juu ya vyama hivyo hivyo, maana watu walikuwa wamezoea kulipa kabla ya kuugua.

Engozi inaonyesha jambo ambalo bajeti zetu zinalisahau. Machela yenyewe ilikuwa rahisi. Ilisukwa mara moja ikakaa miaka. Kilichokuwa ghali ni wanaume kuwa tayari saa yoyote. Na udhaifu wake ulikuwa kwamba uanachama ulikuwa wa kijiji. Mgeni aliyeanguka njiani hakuwa na chama.

Sasa badili machela kwa Land Cruiser na kijiji kwa wilaya. Tatizo ni lile lile, ila limekuwa kubwa.

Gharama ya kusubiri

Ukimwajiri askari wa usiku, unamlipa kwa usiku ambao mwizi hakuja. Hakuna mwenye duka anayesema, "Mwezi huu hatukuibiwa, kwa hiyo sikupi mshahara." Ambulensi ni hivyo hivyo. Gharama zake ziko mbili: ya kusubiri, ambayo hulipwa hata simu isipolia, na ya kusafiri, ambayo hukua kwa kila kilomita.

Wengi huipiga hesabu ya kusafiri tu. Hebu tuipige ya kusubiri. Wiki ina saa 168. Mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki hujaza sehemu yake tu. 168 gawanya kwa 40 ni watu 4.2, na ukiongeza likizo, ugonjwa na mafunzo unafika 5. Gari moja linalokesha linahitaji madereva 5 na wauguzi au wahudumu wa dharura 5. Watu kumi kwa gari moja! Kituo cha kupokea simu chenye viti viwili kinahitaji kumi wengine. Viti ni viwili kwa sababu aliyeshika simu ya kwanza hawezi kuikata ya pili ikilia.

Wilaya nyingi haziajiri hao kumi. Hufanya hivi: dereva ni mmoja au wawili, na muuguzi anang'olewa wodini. Kituo cha afya cha daraja la tatu chenye mkunga mmoja usiku kikitoa rufaa, mkunga yule huingia garini na mgonjwa, na wodi inabaki na mlinzi na wazazi. Kwenye vitabu safari ile imegharimu mafuta tu. Kwa kweli imegharimu wodi nzima kwa saa nne.

Ya kusafiri ni rahisi zaidi kuihesabu. Tuseme gari linakunywa lita 14 kwa kilomita 100 na dizeli ni shilingi 5,000 kwa lita: hiyo ni shilingi 700 kwa kilomita. Matairi manne ya shilingi 700,000 kila moja, yakidumu kilomita 40,000, ni shilingi 70. Sevisi ya shilingi 600,000 kila kilomita 5,000 ni shilingi 120. Weka shilingi 310 za spea na uchakavu, unapata 1,200 kwa kilomita. Safari ya jumla ya kilomita 60 kwenda na kurudi ni shilingi 72,000. Bei za kwenu zitatofautiana, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo, na wilaya ambayo haijui gharama yake kwa kilomita haiwezi kukaa mezani na jirani.

Kwa nini mkuu wa fedha hukataa

Zaidi ya asilimia 90 ya fedha za wilaya za Uganda hutoka serikali kuu. Kodi ya kichwa ilifutwa 2005, na kilichobaki cha ndani ni ushuru wa masoko, leseni na vitu vidogo. Katiba inataja ruzuku za aina tatu: zisizo na masharti, zenye masharti, na za kusawazisha wilaya zilizoachwa nyuma. Fedha nyingi za afya ni zenye masharti: hii ya mishahara, hii ya uendeshaji wa vituo, hii ya ujenzi. Hutolewa kwa robo mwaka, na anayewajibika kwa kila shilingi ni ofisa mtawala mkuu wa wilaya. Yeye ndiye afisa masuuli, na kosa la matumizi humfuata binafsi.

Mweke ofisa wa Kalungu kwenye kiti. Gari lake limeombwa kwenda kuchukua majeruhi upande wa Mpigi. Akiruhusu, mkaguzi atakuja mwakani na swali moja: ni baraza gani liliidhinisha fedha za watu wa Kalungu zitumike Mpigi? Bila maandishi hana jibu. Akikataa hakuna mkaguzi atakayemuuliza chochote, maana aliyekufa barabarani haingii kwenye hoja za ukaguzi. Watu husema maofisa hawana utu. Mimi naona wanafuata kanuni jinsi zilivyoandikwa, na kanuni ziliandikwa kwa mambo yanayokaa ndani ya mpaka.

Mipaka yenyewe imeongezeka. Kalungu, Bukomansimbi na Lwengo zilikuwa Masaka hadi 2010. Sembabule ilitoka 1997, na Kyotera ikatoka Rakai 2017. Hospitali ya rufaa ya Masaka leo inapokea wagonjwa wa wilaya tisa na jiji: hizo zote, pamoja na Lyantonde na Kalangala. Kilima ni kile kile, barabara ni ile ile, ila maafisa masuuli wameongezeka. Kila wilaya mpya ilitaka gari lake, ikalipata kwa mfadhili au kwa mbunge, na leo magari yanakaa wilaya kwa wilaya kama ng'ombe wa zizi tofauti.

Hapo ndipo dhana ya kwanza inapoanguka: kwamba dawa ni magari zaidi. Chukua wilaya tatu jirani, kila moja ina gari moja. La Kalungu likienda Masaka na mgonjwa, Kalungu imebaki tupu kwa saa mbili au tatu. Ukiongeza gari la nne utapunguza pengo hilo kidogo, kwa gharama ya watu kumi wengine. Ukiwa na mratibu, anaambia gari la Bukomansimbi lisogee hadi njia panda, likae pale hadi la Kalungu lirudi. Pengo limezibwa kwa lita chache za mafuta. Ila lita hizo lazima ziwe na mwenye kuzilipa, na ndipo tunaporudi kwenye mkoba.

Na ambulensi ya mheshimiwa? Tunazijua: picha ya mbunge mlangoni, jina kubwa kuliko msalaba. Zimewaokoa watu, tusizikejeli. Lakini gari la mtu binafsi haliko kwenye orodha ya mali za wilaya, hivyo haliwezi kupewa mafuta ya ruzuku kihalali, na uchaguzi ukimtupa mwenyewe, gari laweza kuondoka naye. Mratibu hawezi kupanga zamu kwa gari ambalo funguo zake ziko mfukoni mwa mwanasiasa.

Njia tatu za kuchanga

Ya kwanza ni wilaya mwenyeji. Wilaya zinatia saini makubaliano, moja inaendesha kituo cha simu na magari, nyingine zinalipia huduma kama zinavyolipia umeme. Kisheria haina mashaka, kwani Katiba ya 1995 inatambua wilaya kushirikiana. Kinachoiua ni malipo kuchelewa. Wilaya jirani ikibanwa, deni la kwanza kuahirisha ni lile la jirani.

Ya pili ni sekretarieti ya pamoja yenye akaunti yake. Inapendeza kwenye warsha. Inahitaji ofisi, bodi, mhasibu na mkaguzi, na kwa huduma yenye magari manne au matano, gharama ya kuisimamia itakula huduma yenyewe.

Ya tatu ni kupitisha gharama ya kusubiri kwenye hospitali ya rufaa ya kanda. Hospitali hizi zina fungu lao wenyewe kwenye bajeti ya taifa, hazipitii wilayani. Tayari zinafanya kazi ya kanda: karakana za kutengeneza vifaa vya hospitali zimewekwa kwenye hospitali hizo na mafundi wake hutumwa wilaya za jirani. Damu nayo haikuachiwa wilaya: Huduma ya Damu ya taifa ina fungu moja na benki za kanda, na muuguzi wa Lyantonde haulizwi chupa ile ilichangiwa wilaya gani. Aliyeiweka damu hivyo alielewa kwamba kitu kinachohitajika kwa ghafla hakigawanywi kwa ramani ya siasa.

Mimi naiunga mkono ya tatu kwa gharama ya kusubiri, na ya kwanza kwa gharama ya kusafiri. Sera ya taifa ya huduma za dharura za matibabu ya 2021 inaelekea huko: vituo vya simu vya kanda, na wizara ikisimamia viwango. Namba ya bure 912 ipo kwa ajili ya ambulensi, kama 999 ilivyo ya polisi. Lakini namba ni mdomo tu. Simu ikipokelewa vizuri na gari halina mafuta, mpigaji amepata huruma, hakupata huduma.

Mgao usioleta ugomvi

Kugawa sawa kwa sawa kunaonekana haki hadi wilaya ndogo ipige hesabu. Kugawa kwa idadi ya safari peke yake kunaleta ugonjwa mwingine: vituo vinaogopa kupiga simu ili bili isipande, na mama anasubirishwa "tuone kama atajifungua". Kulipa kwa jumla bila kuangalia safari nako huzaa magari ambayo kila ukiyataka "yako gereji".

Mchanganyiko hufanya kazi vizuri zaidi. Tuseme kusubiri kunagharimu shilingi milioni 180 kwa mwaka, na wilaya tatu zina watu 100,000, 200,000 na 300,000. Ikiwa sehemu hii haijabebwa na hospitali ya rufaa, igawanywe kwa idadi ya watu: milioni 30, 60 na 90. Kusafiri kulipwe kwa kilomita, kwa ile 1,200 tuliyoipata, na wilaya ambako mgonjwa alichukuliwa ndiyo ilipe. Si anakoishi. Usiku hakuna wa kuanza kuuliza kitambulisho cha mtu asiye na fahamu.

Lakini hapo Kalungu itasimama na kusema, na itakuwa na haki: "Lwera iko kwetu, ila wanaoumia Lwera ni abiria wa kutoka Mbarara kwenda Kampala." Wilaya maskini iliyopitiwa na barabara kuu haiwezi kubeba ajali za taifa. Ndiyo maana safari za barabara kuu zitengwe kwenye kisanduku chao na zilipwe na serikali kuu kupitia ruzuku ya masharti. Rufaa kutoka kituo hadi kituo ni kisanduku cha wilaya. Bila kutenganisha hivi viwili tangu mwanzo, makubaliano yatavunjika ajali kubwa ya kwanza ikitokea.

Uthibitisho wa safari usitegemee daftari la dereva peke yake. Kuna vitabu vitatu vinavyopaswa kukubaliana: rekodi ya simu kituoni, logibuku ya gari yenye kilomita za kuondoka na kufika, na rejista ya hospitali iliyopokea. Safari iliyomo kwenye logibuku lakini haimo kwenye rejista, hapo kuna mzigo wa ndizi.

Mahali panapokatika

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Fedha za robo ya kwanza hazifiki siku hiyo. Huchukua wiki, wakati mwingine zaidi, kabla ya kituo kuziona kwenye akaunti. Na fedha zisizotumika kufikia Juni 30 hurudi kwenye mfuko mkuu wa serikali. Kwa hiyo Juni mafuta yanamwagika kumaliza salio, Julai na Agosti matangi yanakauka. Huduma ya dharura haijui kalenda hiyo. Tiba yake ni kulipia mafuta kabla kwenye kituo cha mafuta kwa mkataba unaovuka Julai, na makubaliano ya maandishi kwamba kituo hicho kitamwaga kwa deni hadi siku kadhaa zilizotajwa.

Chagua kituo kinachokesha. Kosa la kawaida ni oda ya mafuta iliyofungwa kwa kituo kimoja mjini makao ya wilaya, kinachofungwa saa tatu usiku. Dereva akiwa wilaya ya jirani saa saba, oda ile ni karatasi. Kanuni ya kawaida kwenye zamu: gari lisipokewe likiwa chini ya nusu tangi.

Oksijeni nayo ina hesabu yake. Mtungi wenye lita 680 za gesi, ukifunguliwa kwa lita 10 kwa dakika, unaisha kwa dakika 68. Safari ya dakika 90 inahitaji miwili. Gari likifika hospitalini, mgonjwa anaingia ndani akiwa bado ameunganishwa na mtungi na amelala kwenye machela ya gari. Wahudumu hawawezi kumwondolea. Wakiondoka bila machela na bila mtungi, gari limegeuka teksi. Wakisubiri, wilaya yao iko tupu. Suluhisho ni akiba ya kubadilishana pale hospitali ya rufaa: unaacha mtungi mtupu unachukua uliojaa, unaacha machela unachukua machela, mnatia saini. Vifaa hivyo vya akiba huwa havina bajeti kwa sababu si vya wilaya yoyote. Ni kazi ya wazi kabisa kwa fungu la hospitali ya rufaa.

Kalangala inahitaji aya yake. Wilaya ni visiwa. Feri ya kutoka Luuku hadi Bukakata, upande wa nchi kavu, haitozi nauli, lakini haikeshi. Mgonjwa wa usiku anahitaji boti, na injini ya nguvu-farasi 40 ikiendeshwa kwa kasi hunywa takriban lita 15 za petroli kwa saa. Halafu Bukakata lazima kuwe na gari linalosubiri, na Bukakata ni wilaya ya Masaka. Ukipiga mgao kwa idadi ya watu tu, Kalangala, yenye watu wachache na safari ghali, ama itaelemewa ama itaachwa. Maji yahesabiwe kwa saa za injini, na nchi kavu kwa kilomita.

Mei 2023 daraja la Katonga, kwenye barabara hiyo hiyo ya Kampala–Masaka, lilipokatika, magari ya Masaka yalizungushwa kupitia Gomba na Sembabule. Ramani ya nani yuko karibu na nani ilibadilika kwa siku moja. Makubaliano yanayotaja wilaya kwa jozi tu hayasaidii siku kama hiyo. Yaseme gari lililo karibu kwa wakati huo ndilo liende, na hesabu zitafuata.

Mifuko inayodhaniwa kuwapo

"Huduma ni bure tangu 2001." Kweli ada zilifutwa kwenye vituo vya serikali mwaka huo. Kilichofutwa ni kumtoza mgonjwa. Dizeli haikuwa bure. Ndugu wanapoambiwa "wekeni mafuta", gharama ya kusafiri imerudi kwa mgonjwa kwa mlango wa nyuma, na inalipwa na yule aliyeishiwa kabisa usiku ule.

"Kuna mfuko wa dharura wa taifa." Upo kisheria, kwa maafa kama maporomoko ya ardhi ya Bududa. Ajali ya bodaboda ya kila Jumamosi si maafa kwa tafsiri hiyo.

"Bima ya gari italipa." Stika ya bima ya mtu wa tatu hulipa baada ya ripoti ya polisi na madai. Haiweki mafuta kwenye tangi usiku huu. Bima ya afya ya taifa nayo: Bunge lilipitisha muswada Machi 2021, haukupata saini ya Rais.

"Wafadhili watatusaidia." Wamesaidia. Mradi wa kuokoa akina mama wa 2012 hadi 2017, ulioanza Kabarole, Kamwenge, Kibaale na Kyenjojo, ulionyesha kwamba usafiri ukiratibiwa na ukilipiwa, akina mama wengi zaidi hufika hospitali. Kamuli na Pallisa vocha za bodaboda zilijaza wodi za uzazi. Lakini misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, kila aliyeweka mishahara ya zamu kwenye mradi alijua thamani ya fungu la kudumu. Fedha za mlipuko ziko hivyo pia. Ebola ilitangazwa Mubende Septemba 20, 2022, ikaenea Kassanda, Kyegegwa, Kagadi na kwingine, na magari yakahitajika kuvuka mipaka kila siku. Mlipuko uliisha Januari 11, 2023. Fedha za namna hiyo huondoka na virusi. Pokea gari na vifaa kwa mfadhili. Mshahara na mafuta usipokee.

Anayetaka kuanza

Wilaya tatu au nne zinazotuma wagonjwa hospitali moja zinatosha. Waganga wakuu wa wilaya wakusanye rejista za miezi 12: rufaa ngapi, kutoka wapi, saa ngapi, kilomita ngapi, ngapi zilishindikana na kwa nini. Mara nyingi wataona wingi wa simu uko jioni hadi usiku wa manane na mwisho wa wiki. Zamu zipangwe hivyo. Orodheshwe magari yanayotembea kweli, yenye namba za serikali. Makubaliano yaandikwe kwa kurasa chache: nani ana amri ya mwisho ya kutuma gari (mratibu, si mwenyekiti wa wilaya), bei ya kilomita na lini itapitiwa upya, siku za kulipana, gari lisitumike kwa maiti wala kwa mikutano, nani anatengeneza likiharibikia kwa jirani, na dereva analipwa posho gani akilala nje. Kipengele hicho cha posho kinadharauliwa, kisha ndicho kinachosimamisha gari la kwanza.

Kila baraza lipitishe hati hiyo na iingie kwenye kumbukumbu za kikao, ili ofisa mtawala awe na karatasi ya kumwonyesha mkaguzi. Kisha kifungu cha matumizi kiwekwe kwenye bajeti ya kila wilaya kwa jina lake, "huduma za dharura za kanda", badala ya kufichwa chini ya "mafuta na vilainishi". Mikutano ya serikali za mitaa na wizara ya fedha kuhusu bajeti hufanyika Septemba na Oktoba, na rasimu za mfumo wa bajeti zinatakiwa Novemba. Bunge hupitisha bajeti kufikia Mei 31. Wilaya inayoanza mazungumzo Januari imechelewa kwa mwaka ujao wa fedha; itatumia miezi hiyo kuendesha majaribio kwa mapato yake ya ndani, gari moja na namba moja ya simu, na kuweka logibuku safi ya kupeleka mezani Septemba.